Usiku Nisiouhesabu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi mjukuu huyo nilimpakata nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, usiku wa manane, ndani ya banda la kuku. Mpenzi msomaji, usinicheke kabla hujanisikiliza. Kisa hiki kilianza na vifaranga wa mama yangu, kikanifikisha mwezini. Si kwa roketi, bali kwa fikira na kwa kupekuapekua vitabu.

Sisi ni wakazi wa Kinangop, chini ya milima ya Aberdare. Ukija kwetu mwezi wa saba, baridi itakukata kama wembe mpya. Mama yangu hufuga kuku. Kuku hao ndio karo yangu, ndio sare yangu, ndio chumvi na sabuni ya nyumbani. Mwaka jana alikopa pesa katika chama chao cha akina mama akanunua vifaranga sitini wa siku moja. Kila mfugaji ajua kwamba kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe. Lazima awekewe joto mchana na usiku kwa majuma kadhaa. Miaka yote mama alitumia jiko la makaa lililofunikwa kwa bati.

Mimi, msomi mkubwa wa Kidato cha Pili, nikajitia ujuaji. Nilimwambia mama kwamba makaa yamepanda bei, na kwamba hewa yake ya sumu inaweza kuwaua vifaranga na sisi wenyewe. Hayo yalikuwa kweli. Kisha nikafungua daftari nikamwonyesha hesabu. Balbu mbili za wati 30 ni wati 60. Zikiwaka saa 12 za usiku, zitatumia wati-saa 720. Kibao cha sola cha wati 150 kikipata jua kali kwa saa tano, kitaleta wati-saa 750.

"Unaona, Mama? Tutabaki hata na chenji!" nikamwambia kwa maringo.

Mama aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu. "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe umesoma," akasema. Akauza mbuzi mmoja. Tukanunua kibao cha sola na betri, vyote vya mtumba. Nalo lile jiko tukamwazima shangazi, kwani tulilihitajia la nini tena?

Usiku wa kwanza balbu ziliwaka kama nyota ya alfajiri. Nikavimba kichwa. Kesho yake ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukakaa. Jua tuliliona kama sarafu nyuma ya shuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu hata hiyo sarafu hatukuiona. Usiku huo zamu ya kuwalinda vifaranga ilikuwa yangu. Nilijifunika blanketi nikasema nitafumba jicho moja tu. Wapi! Usingizi haumjui msomi.

Nilipozinduka ilikuwa yapata saa kumi za usiku. Giza totoro. Kimya. Ewe msomaji uliyewahi kufuga, unajua kimya cha vifaranga kina maana gani. Nilipapasa tochi nikamulika. Walikuwa wamerundikana katika kona moja, wakitafutana joto. Wa chini walikuwa wamekanyagwa, wa kandokando walikuwa wamekakamaa. Nikapiga ukemi. Mama akaja mbio na leso yake, akawakusanya waliokuwa wakihema bado, akawasha kuni, akajaza mtungi maji moto, tukaufunga ndani ya blanketi pamoja nao. Kulipopambazuka tulihesabu kumi na saba.

Sikuchapwa. Afadhali ningechapwa. Mama alikaa juu ya kigoda, akakitazama kile kibao cha sola kilichokuwa kikinyeshewa manyunyu, akanena kwa sauti ya chini: "Mwanangu, jua ulilihesabu vizuri. Usiku hukuuhesabu."

Maneno hayo yaliniganda moyoni kama ulimbo. Deni la chama lilikuwa pale pale. Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilirudi shuleni na nusu ya karo, nikiwa mnyonge kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa basi, Ijumaa moja katika klabu yetu ya sayansi, mwalimu wetu wa Fizikia alituletea mada ya vituo vya angani. Kusema kweli nilisinzia. Sisi watu wa viazi na kabeji, mwezi unatuhusu nini? Mara nikamsikia akisema kwamba usiku mmoja wa mwezini huchukua takribani siku 14 zetu, na kwamba baridi yake hufika kama nyuzi 130 chini ya sifuri. Kalamu ikanianguka mkononi.

"Mwalimu," nikauliza, "sasa huko usiku watu watajipasha joto na nini?"

"Swali zuri sana," akajibu. "Nenda ukatafute jibu, utuletee juma lijalo."

Darasa zima likacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata swali langu. Haya ndiyo niliyoyapata, baada ya majuma mengi wala si moja.

Kwanza niligundua kwamba sikuwa peke yangu niliyeangushwa na usiku. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kiitwacho Vikram kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Dunia nzima ilishangilia. Chombo hicho kilitegemea vibao vya sola. Kilifanya kazi barabara mchana mmoja wa mwezini, kisha mwanzoni mwa Septemba wahandisi wakakilaza kwa kuwa usiku ulikuwa ukiingia. Jua liliporejea walikiita. Hakikuitika. Kumbe hata mabingwa huwa na asubuhi za kuhesabu waliobaki!

Huko Mihiri nako adui ni vumbi. Gari la Kimarekani lililoitwa Opportunity lilitua mwaka 2004 likitarajiwa kufanya kazi siku 90 hivi. Lilidumu zaidi ya miaka 14. Mwezi wa Juni 2018 dhoruba ya vumbi ikafunika anga, sola zikakosa mwangaza, nalo likanyamaza milele. Na hata bila dhoruba, mwangaza wa jua unaofika Mihiri hauzidi nusu ya huu wetu.

Je, wanaanga wa Apollo walifanyaje? Wao walikuwa werevu kwa njia nyingine: walitua asubuhi ya mwezini, wakaondoka kabla ya magharibi. Kati ya wote kumi na wawili waliokanyaga mwezi tangu 1969 hadi 1972, hakuna hata mmoja aliyelala usiku wa mwezini. Vifaa walivyoviacha nyuma ndivyo vilivyoukesha usiku huo, kwa sababu vilipewa madini ya plutoni ambayo hutoa joto lenyewe yanapooza polepole. Plutoni ni kama kaa lililofukiwa kwenye jivu: huwezi kulichochea wala kulizima, nalo hutoa umeme kidogo tu. Kwa chombo kidogo latosha. Lakini kituo cha watu, chenye kutengeneza hewa, kusafisha maji na kupasha nyumba joto, kinahitaji umeme mwingi zaidi, usiku na mchana, kuwe na jua au kusiwe.

Hapo ndipo nilipokutana na kinu kidogo cha nyuklia.

Hebu nikueleze kama nilivyoelewa mimi, mwalimu wa Fizikia akiona kosa anirekebishe. Kiini cha atomu ya urani kikigongwa na nyutroni hupasuka vipande viwili. Kinapopasuka hutoa joto, tena hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo zikigonga viini vingine, navyo hupasuka. Ni kama uvumi shuleni: mmoja akiwaambia wawili, na kila mmoja wao akiwaambia wawili, kabla ya kengele ya chakula shule nzima inajua. Katika bomu, uvumi huachiliwa uenee wote mara moja. Katika kinu, kila mmoja huruhusiwa kumwambia mmoja tu, hivyo habari haifi wala haifuriki. Hiyo ndiyo tofauti, nayo si ndogo.

Mwaka 2018 Wamarekani walikijaribu kinu cha namna hiyo katika jangwa la Nevada. Walikiita KRUSTY. Jaribio lenyewe kubwa lilifanywa mwezi wa Machi, likachukua saa 28. Moyo wake ulikuwa bonge la urani lenye kipenyo cha kama sentimita 11 na kimo cha kama sentimita 25. Wenzangu, hiyo haifiki hata galoni ya mafuta ya kupikia! Lakini ndani yake mlikuwa na kama kilo 28 za urani ya aina ya 235, na joto lake lilifika takribani nyuzi 800. Katika muundo wa kinu cha kurushwa angani, katikati ya bonge la namna hiyo pana tundu, na ndani ya tundu mna ufito mmoja wa boroni unaomeza nyutroni. Ufito ukiwa ndani, kinu kimelala. Ukiondolewa, kinaamka.

Joto hilo hutolewaje bila pampu, bila maji na bila fundi? Hapo nilikumbuka sufuria ya githeri. Githeri ikichemka, mvuke hupanda, hugusa kifuniko kilicho baridi, hugeuka matone na kurudi chini. Kinu hiki kina mabomba yaliyozibwa ambayo ndani yake mna sodiamu. Upande wa moto sodiamu huchemka, mvuke hukimbilia upande wa pili, huacha joto lake huko, hugeuka kiowevu na kurejea yenyewe. Joto linalofika huko huendesha injini ya Stirling. Injini hii ilibuniwa mwaka 1816 na mhubiri mmoja wa Uskoti, Robert Stirling. Gesi iliyofungiwa ndani ikipashwa joto hutanuka na kusukuma pistoni. Ikipoa hunywea, pistoni ikarudi. Huko nje, kwa kuwa mwezini hakuna upepo wala mto wa kupoza kitu, joto lililobaki hutolewa na mapezi mapana yanayolimimina angani.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ya yote ni hili. Katika yale majaribio, wahandisi walikitia kinu majaribuni kwa makusudi. Walijifanya kana kwamba injini zimeharibika na joto halichukuliwi. Je, kililipuka? La hasha. Bonge la urani likizidi moto hutanuka, nyutroni zaidi hupata mwanya wa kutoroka, mipasuko hupungua, joto hushuka. Likipoa hunywea, nyutroni hukutana tena, joto hupanda. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikaangalia nje ya dirisha. Nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu bandani! Vifaranga wakisikia joto hutawanyika, wakisikia baridi husongamana. Tofauti ni kwamba wale wangu walisongamana na joto lisije.

Kinu cha namna ya KRUSTY kilikusudiwa kutoa kuanzia kilowati 1 hadi 10, kwa miaka kumi au zaidi. Mwaka 2022 NASA ilizipa kandarasi za uchoraji kampuni tatu, kila moja dola milioni 5 hivi, zichore kinu cha kilowati 40 kisichozidi tani sita. Agosti 2025 mkuu wa muda wa NASA akaagiza kiwe cha kilowati 100 na kiwe tayari kurushwa ifikapo mwaka 2030. China na Urusi nazo zimetangaza nia ya kujenga chao mwezini. Kutangaza si kujenga, lakini mbio zimeanza.

Siku niliyosimama mbele ya klabu kusoma haya, nilidhani nitapigiwa makofi. Badala yake nilipigwa maswali.

"Hiyo si ni bomu tu?" mmoja akauliza. Hilo nilikuwa nimelijibu.

"Je, roketi ikianguka ikiwa nacho?" mwingine akadakia. Hapo nikatokwa na kijasho chembamba, kwa maana yamewahi kutokea.

Sikuficha, niliwaeleza. Marekani ilirusha kinu chake cha kwanza, SNAP-10A, mwezi wa Aprili 1965. Kilitoa kama wati 500, kikafanya kazi siku 43, kisha kifaa kingine cha setilaiti kikaharibika, kikazimika. Hata leo kingali kinaizunguka dunia huko juu. Muungano wa Kisovyeti nao ulirusha zaidi ya thelathini. Kimoja, katika setilaiti ya Kosmos 954, kilianguka tarehe 24 Januari 1978 kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vyenye mionzi hatari juu ya theluji kwa mamia ya kilomita. Watu waliokuwa wakivua na kuwinda huko hawakuwa wameulizwa lolote. Kanada ilidai dola zaidi ya milioni 6. Mwaka 1981 ililipwa milioni 3.

"Basi umejijibu mwenyewe," yule mwenzangu akasema. Makofi aliyapata yeye.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna. Jioni nikiwa naosha vyombo nilimsimulia nyanya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Na huo moto, mjukuu wangu, wakati wa kuubeba unakuwa umewashwa au haujawashwa?"

Nikasimama na sahani mkononi. Nyanya hajawahi kukanyaga darasa, lakini amebeba moto kutoka kwa jirani miaka mingi, na anajua kwamba kubeba kuni si sawa na kubeba kijinga cha moto. Nilirudi vitabuni. Kumbe hapo ndipo penye jibu. Urani ambayo haijawahi kuwashwa kinuni ina mionzi hafifu sana. Hatari kubwa huzaliwa baada ya kinu kuwaka, kutokana na vile vipande vya atomu zilizopasuka. Kosmos 954 kilianguka kikiwa kimeshawaka, tena kilikuwa kikizunguka karibu na dunia. Hivi vya mwezini vinapangwa visiwashwe hadi vifike vinakokwenda. Kisha vitawekwa mbali na makazi ya wanaanga, au vifukiwe kwa udongo wa mwezi uzuie mionzi. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni, na mojawapo husema kwamba kinu kisiwashwe kabla ya kufika katika mzingo wake wa kazi au katika njia ya kuelekea sayari nyingine.

Je, hofu yote imekwisha? La, sitawadanganya. Urani ya KRUSTY ilikuwa ya aina kali, ile ile ya kutengenezea silaha, na kwa sababu hiyo ile michoro ya 2022 ilitakiwa kutumia iliyo hafifu zaidi, ingawa kinu chake huwa kizito. Pia kinu kikichoka baada ya miaka yake, kitabaki huko mwezini na mionzi yake. Nani atakuwa jirani yake wakati huo? Sijui kama wanaoshindana kufika kwanza wana nafasi ya kuuliza. Kwa maoni yangu mimi, moto huo unafaa, bora wenye kuubeba wajibu kwanza swali la nyanya, tena walijibu mbele ya watu wote, si baada ya kuanguka.

Nilirudi klabuni nikasema hayo. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, ila yule mwenzangu alinisogelea akaomba kuazima daftari langu. Kwangu hiyo ilikuwa zaidi ya makofi.

Mpenzi msomaji, nimalizie pale nilipoanzia. Wale kumi na saba walikua. Mama aliuza majogoo, akabakiza matetea, mayai yakalipa deni la chama kidogo kidogo mpaka likaisha mwezi wa pili mwaka huu. Mwezi wa nne akanunua vifaranga wengine, hamsini. Nilidhani hatataka tena kuona daftari langu. Jioni moja aliliweka mezani, pamoja na kalamu.

"Hesabu tena," akaniambia. "Lakini safari hii uanze na usiku."

Nikaanza na usiku. Niliandika: siku tano bila jua. Hesabu ikakataa, betri yetu haingetosha hata kidogo. Kwa hivyo tulimwendea shangazi, tukaomba jiko letu. Sasa sola huwasha balbu jua likiwako, na jiko hukaa kando likiwa na makaa, tayari, dirisha likiwa wazi kidogo kwa ajili ya ile hewa ya sumu. Hata wale wa NASA hawajazitupa sola zao; kinu ni jiko la kukaa kando yake, kwa ajili ya zile siku 14.

Na zamu ya kuamka saa nane za usiku kuchungulia bado ni yangu. Sijalala tena hata mara moja.